Mgonjwa Haulizwi Tarehe

Goti langu la kulia lina adabu ya mtoto aliyeambiwa kuna mgeni. Wiki nzima linanitoa machozi. Usiku linapwita kana kwamba lina moyo wake, asubuhi halikunjiki, na nikitaka kwenda chooni naushika ukuta kama mlevi anayerudi kwake. Ikifika Alhamisi ya kliniki, linaamka zima kabisa. Halijavimba, halina joto, linakunjika kama la kijana wa kidato cha pili. Namfikishia daktari goti ambalo hata mimi mwenyewe silifahamu.

"Linauma hapa?"

"Leo hapana, dokta."

"Na hapa?"

"Leo hapana."

"Safi sana. Endelea na dawa, rudi mwezi ujao."

Nikifika nyumbani Mollo, kabla sijavua koti, linaanza.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na nia yao ilikuwa njema: upike, umpelekee, akiweza atakunywa. Hospitali zikaipokea methali hiyo na kuiongezea mkia: wala haulizwi tarehe. Unaandikiwa tu. Miaka minne sasa naandikiwa. Nina kadi mbili, ya goti na ya presha, na kliniki mbili, ya goti Alhamisi na ya presha Jumatano, wiki tofauti za mwezi uleule. Niliwahi kuomba waziunganishe, kwa kuwa goti na presha vyote vinakaa kwa mtu mmoja, na mtu huyo hupanda bodaboda moja. Nikajibiwa kwamba hizo ni idara mbili.

Kwa asiyepajua kwetu, Mollo ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, lakini neno manispaa lisikupoteze ukadhani nalala chini ya taa za barabarani. Kwetu ni mahindi, maharage, ulezi na upepo. Uwanda wa Ufipa hapa uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba ni za kukaa jikoni ukikumbatia magoti, kama magoti yenyewe yanakubali kukumbatiwa. Hiyo ndiyo miezi ambayo goti langu hufanya sherehe. Na ndiyo miezi ambayo mimi, saa kumi na moja alfajiri, napanda bodaboda nimevaa makoti mawili na skafu ya mama watoto, kuwahi namba mjini.

Nchi nzima inaamini sisi watu wa Sumbawanga husafiri kwa ungo. Nikienda Dar es Salaam watani huniuliza nimeuegesha wapi. Laiti ingekuwa kweli! Ungo haunywi mafuta wala haudai nauli ya kurudi. Lakini jina lenyewe la mji wetu, kwa Kifipa, husemwa kuwa ni amri: tupa uchawi. Naona wazee wetu walitii wakautupa wote, pamoja na vyombo vya usafiri.

Ukifika unawakuta wenzako wa saa kumi. Unapanga foleni ya faili, kisha ya mizani, kisha ya kupimwa presha kama siku hiyo umeleta presha, kisha ya daktari, kisha ya dirisha la dawa. Hapo katikati mtandao unasumbua, na sote tunaikodolea macho kompyuta ya binti wa mapokezi kama watu wanaosubiri penalti ipigwe. Sisemi benchi halina faida. Benchi la kliniki ndicho chuo kikuu cha watu wa rika langu. Pale nimejua bei ya mbolea kabla ya wenye maduka, nimejua nani kauza shamba na kwa nini, na nimepewa dawa tano za goti, ambapo ya nne inahitaji mafuta ya mnyama ambaye nina hakika hayupo.

Lipo na bango linalotaka wazee wapishwe wahudumiwe kwanza. Jambo jema. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Mimi nina 58. Ualimu niliuacha kwa hiari nikiwa na 55. Kichwa changu ni cheupe kama pamba ya dukani, lakini kitambulisho changu hakina mvi.

"Shikamoo babu," ananiamkia yule binti.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Anatazama kitambulisho, ananitazama, anarudi kwenye kitambulisho. "Babu, foleni yako ile kule. Ya vijana."

Siku moja nilipiga hesabu, maana nimefundisha hisabati miaka thelathini na mkono haujasahau. Kutoka saa kumi na moja alfajiri nilipoondoka nyumbani hadi saa nane mchana nilipopata dawa ni saa tisa, yaani dakika 540. Mbele ya daktari nilikaa dakika nne. Kwa kila dakika moja ya daktari nililipa dakika 135 za maisha yangu, zote ili nimwambie kwamba leo hapana, haliumi. Hapa Mollo lipo gereza lenye mashamba makubwa. Nikirudi na bodaboda nalitazama kwa wivu wa kipuuzi. Mule ndani, ukimtoa wa kifungo cha maisha, kila mtu anaijua tarehe yake ya mwisho. Zangu zinazaana.

Sasa mpwa wangu ni muuguzi, na huniletea habari za dunia kama wengine wanavyoleta sukari. Jioni moja alinikuta nimelaza mguu juu ya kigoda nikinung'unika peke yangu.

"Mjomba, kule England wameanza kumwachia mgonjwa," akasema.

"Kumwachia afe?"

"Kumwachia aamue."

Akanieleza. Mwaka 2022 NHS, shirika lao la afya la umma, liliziagiza hospitali ziwaondolee baadhi ya wagonjwa tarehe za kurudi. Lengo lilikuwa kwamba kufikia Machi 2023 asilimia 5 ya mahudhurio ya wagonjwa wa nje yawe yamehamia kwenye utaratibu huo. Unaondoka kwa daktari ukiwa na namba ya simu na maelezo ya dalili za kuangalia. Dalili zikija, unapiga na unaonwa. Zisipokuja, unakaa kwako unapalilia.

"Huruma hiyo wameipata wapi?" nikauliza.

"Si huruma, mjomba. Foleni. Waliokuwa wanangoja matibabu walishafika mamilioni."

Nakiri nilifarijika. Mtu ukiteseka ni vizuri kujua kwamba na waliokutawala wanapanga foleni.

"Na magoti?"

Ya magoti, akasema, ni ya zamani zaidi. Katika mji wa Bristol watafiti walichukua wagonjwa 209 wa baridi yabisi, ugonjwa uleule ambao daktari wangu huuandika kwenye kadi yangu, wakawagawa mafungu mawili. Wengine waliendelea kupangiwa tarehe na hospitali. Wengine waliachiwa wajiitie wenyewe viungo vinapochachamaa. Matokeo ya miaka 6 yalichapishwa mwaka 2005 katika British Medical Journal. Waliojiitia walihudhuria hospitali mara chache kwa asilimia 38, na hali zao hazikuwa mbaya kuliko za wenzao. Nilitaka kusimama nipige makofi. Goti likapinga hoja.

Lakini nilipolala nikaitafakari habari ile, nikajiuliza Waingereza wamegundua nini ambacho mganga wa kienyeji hakijui. Tangu nizaliwe sijaona mganga aliyemwandikia mtu tarehe. Anakupa mizizi yako, anakuambia chemsha hivi, kunywa hivi, ukiona limerudi njoo. Na ukienda unamkuta. Hana siku ya kliniki. Utamkuta anachambua maharage uani, atayaweka kando, atakuuliza habari za nyumbani hadi za bibi yako aliyekufa. Utaratibu wake hauna kasoro. Kasoro ni maelezo, maana goti langu alisema limetumwa na jirani yangu, mtu ambaye hata mbuzi wake hawezi kumtuma akaenda.

Wala si lazima tuvuke bahari au turudi kwa mababu. Hospitali zetu wenyewe zimeshafanya jambo la jamaa na hilo. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure kitaifa mwaka 2004, wenzetu wa CTC, kliniki ya dawa hizo, walikuwa watumwa wa tarehe kuliko sisi sote: kila mwezi, mvua inyeshe jua liwake. Leo mtu ambaye hali yake imetulia na virusi vyake vimedhibitiwa anaweza kupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, akaenda akaishi maisha yake. Rafiki yangu mmoja wa siku nyingi, asiyelificha jambo lake, hulipita lango la hospitali mara mbili kwa mwaka. Mimi na vikadi vyangu viwili hulipita mara 24. Tukikutana pale hunipungia mkono kama abiria wa ndege anayemwaga mtu wa punda.

Basi nikajipa moyo. Daktari wa goti ni kijana, ananiita Mwalimu, na nashuku niliwahi kumchapa kaka yake. Alhamisi iliyofuata nikamhubiria Bristol yote, na mamilioni ya foleni, na asilimia 38. Alinisikiliza hadi dakika ya sita, jambo ambalo kwa hospitali ile ni rekodi.

"Sawa Mwalimu," akasema. "Damu tutaendelea kuipima kwa tarehe, maana hizi dawa zinaweza kuliudhi ini na ini halitakuambia. Lakini goti lenyewe nakuachia. Likivimba, likipata joto, usingoje mwezi uishe. Piga namba hii, uje siku hiyohiyo."

Akaiandika nyuma ya kadi. Nikatoka kifua mbele kama mtu aliyerudishiwa shamba na baraza la ardhi. Nilipofika nyumbani nikamtangazia mama watoto kwamba kuanzia leo mimi ndiye ninayejipangia.

"Wewe?" akasema. "Uliyengoja jino likang'oka lenyewe?"

Sikumjibu. Nabii hana heshima kwao.

Goti halikuniangusha. Katikati ya mwezi wa pili, nikiwa shambani naandaa ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo sisi Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze yawe mbolea, lilivimba likawa boga. Jioni lilikuwa na joto la kuchemshia chai. Msomaji, nilifurahi! Kwa mara ya kwanza katika miaka minne goti langu limeugua kwa makubaliano. Nikakaa kitandani nikavaa miwani nikapiga ile namba.

Ikaita hadi ikachoka. Nikapiga tena, ikaita. Mara ya tatu yule dada wa mtandao akaniambia kwamba mteja ninayempigia hapatikani. Asubuhi ikapokelewa.

"Halo! Ni kwa daktari wa viungo?"

"Hapa ni stoo," ikasema sauti ya mtu anayetafuna.

Nikapanda bodaboda nimenyoosha mguu pembeni kama mkuki. Ilikuwa Jumanne. Kwenye mapokezi yule binti akanyoosha mkono.

"Shikamoo babu. Tarehe yako lini?"

"Marahaba. Sina tarehe. Tarehe ni hili goti."

Akalichungulia kwa huruma ya kweli. "Pole sana. Lakini bila tarehe faili halitoki."

"Daktari ameniachia niamue mwenyewe."

"Amekuachia wewe, babu. Sisi hajatuachia."

Nimeishi miaka 58, nimesikiliza hotuba za wakubwa wengi, lakini sijasikia sentensi iliyoieleza nchi vizuri namna ile. Nikaambiwa nirudi Alhamisi, siku ya kliniki. Nikarudi. Kufikia hapa nadhani msomaji unalifahamu goti langu vya kutosha. Alhamisi liliamka zima.

Hapa ningeweka kalamu chini nikiwa mshindi wa lawama zote. Bahati mbaya mama watoto huisoma safu hii kabla ya mhariri, na amesema nisipoandika habari ya Desemba ataiandika yeye, tena kwa jina langu kamili.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa sita mwaka 2024 nilikwenda kliniki ya presha. Kwa kawaida muuguzi ndiye huniandikia tarehe ya kurudi, kwa mwandiko mzuri, siku na mwezi na mwaka. Siku hiyo hakuwepo. Daktari mgeni akaandika mwenyewe kwenye kadi, kwa haraka: *kurudi 1/12*.

Niliisoma mara mbili. Tarehe moja, mwezi wa kumi na mbili. Moyo wangu ukaruka kama ndama. Hatimaye amepatikana daktari mwenye akili! Miezi sita hivi bila bodaboda ya Jumatano! Mama watoto aliitazama kadi akauliza kwa nini basi nimepewa vidonge 30. Nikamwambia hayo ni mambo ya stoo, na kwamba anazungumza na mwalimu wa hisabati.

Vidonge vikaisha. Nikanunua vingine mara mbili kwenye duka la dawa. Halafu nikajichunguza kama anavyojichunguza mtu aliyeachiwa aamue. Kichwa hakiumi. Usingizi napata. Napanda mlima na jembe begani sihemi. Nikaona dawa zimemaliza kazi yake, kama jembe linavyomaliza shamba, na mwenye akili halimi shamba lililokwisha. Nikaacha. Sijawahi kujisikia vizuri kama miezi ile. Nilikula migebuka ya chumvi, nikanywa pombe ya ulezi kwenye harusi tatu, na katika moja nilicheza.

Tarehe 1 Desemba 2024 ilikuwa Jumapili. Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilisema hospitali imeniona mtu wa maana, imenitengea siku ya utulivu. Nikavaa koti la kanisani, nikafika langoni saa moja asubuhi.

"Mzee, umemletea mgonjwa chakula?" mlinzi akauliza.

"Mgonjwa ni mimi. Nimekuja kliniki."

"Leo Jumapili."

Nikampa kadi nikimwonyesha kwa kidole, kama ninavyomwonyesha mwanafunzi mzito. Mlinzi akaisoma. Akaanza kucheka taratibu, kisha akashika lango asianguke.

"Mzee, hii si tarehe. Hii ni moja juu ya kumi na mbili. Mwaka una miezi kumi na miwili, basi moja juu yake ni mwezi mmoja. Wakiweka saba chini, hizo ni siku. Wakiweka hamsini na mbili, hizo ni wiki. Huku langoni tunazisoma kila siku."

Yaani mimi, niliyefundisha sehemu miaka thelathini, niliyechapa watoto wa watu kwa kusahau asili na kiasi, nilifundishwa sehemu langoni siku ya Bwana na mtu mwenye rungu. Na alifundisha vizuri kuliko mimi.

Akanipeleka kwa muuguzi wa zamu. Nikafungwa ule mpira mkononi, ukajazwa upepo, ukaachiwa. Akaujaza tena. Akaniuliza najisikiaje.

"Vizuri kuliko miaka yote," nikamwambia.

"Ni 190 kwa 110, baba. Usisimame."

Nililala hospitali siku mbili. Mama watoto alikuja na uji na, kama methali inavyotaka, hakuniuliza. Yule muuguzi alipokuja kupima usiku nikamwambia bado sielewi mtu atakuwaje mgonjwa hivyo bila kusikia chochote. Akasema, "Baba, goti ni jogoo. Presha ni mchwa. Nguzo inaliwa ndani, nyumba imesimama, watu wanakaa wanakula, hadi siku inapolala."

Mficha maradhi, kilio humuumbua, ndivyo tulivyofunzwa. Mimi sikuyaficha. Maradhi yenyewe ndiyo yaliyojificha, tena ndani ya koti langu la kanisani. Na si langu peke yangu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, yaani 140 kwa 90 na kupanda au yuko kwenye dawa. Hesabu hiyo ukiileta kwenye benchi la harusi, katika kila wanne wanaocheza, mmoja ana mchwa.

Kwa hiyo nimebadilika kidogo. Kidogo tu, nina jina la kulinda. Ugonjwa wenye kelele mwachieni mwenye nao, kwa kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hakuna daktari atakayelijua goti langu saa nane za usiku wa Julai kuliko mimi niliyelala nalo. Ugonjwa wa kimya msituachie. Ukimwachia mtu wa Ufipa aamue lini aende kupimwa presha, wakati mahindi yanataka palizi, atakwenda siku ya kubebwa. Huo unataka tarehe, unataka na mtu wa kuuliza kwa nini hukuja.

Lakini hata tarehe iwe na kiasi. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2021 linashauri aliyeanza dawa za presha aonwe kila mwezi hadi kipimo kishuke panapotakiwa, na kikishatulia, kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Hapo hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyetulia apande bodaboda kila mwezi kwa sababu dirisha la dawa huhesabu vidonge thelathini thelathini.

Na mnapotuachia, tuachieni kweli. Nilichopewa mimi ni uamuzi bila mlango. Chumbani kwa daktari nilikuwa huru. Hatua ishirini kutoka pale, kwenye mapokezi, uhuru ulikufa kwa kukosa faili. Mpwa wangu anasema mgonjwa hata awe na busara ya Suleimani, utaratibu ule hausimami kama hakuna anayepokea simu. Kila kijiji kina mtu anayejua goti lake lini limechachamaa. Namba isiyokuwa ya stoo ndiyo adimu.

Jumatano tarehe 3 Septemba 2025 nilikwenda kliniki ya presha. Tangu ile Desemba sijakosa hata mara moja; mama watoto ameitundika kadi yangu juu ya mlango wa jikoni, mahali ambapo sipiti bila kuinama. Kipimo kilisoma 132 kwa 84. Daktari akapekua faili nyuma, akapekua mbele.

"Mwalimu, umetulia miezi mingi sasa. Leo nakupa dawa za miezi mitatu."

Akaandika kwenye kadi. Nikaivuta karibu na miwani. Ilikuwa imeandikwa *kurudi 3/12*.

Nikasikia mapigo ya moyo masikioni, jambo lisilofaa katika chumba kile. "Dokta, kuuliza si ujinga. Hii ni tarehe tatu Desemba, au ni miezi mitatu?"

Akafungua mdomo ajibu, akasita. Akaitazama kalenda ukutani, akahesabu kwa vidole, akatabasamu.

"Ni vyote viwili, Mwalimu."

Nikahesabu na mimi, maana siku hizi simwamini mtu wa hisabati, hata nikiwa mimi. Siku 91. Wiki 13 kamili, Jumatano kwa Jumatano. Miaka minne ya kuandikiwa, na leo sehemu na tarehe zimekubaliana, hospitali na mimi tunasoma kitu kimoja. Nikampa mkono kwa mikono miwili nikatoka.

Nilifika kwenye benchi ndipo nikakumbuka. Tarehe 3 Desemba mvua zitakuwa zimeshika, na nitakuwa shambani napanda mahindi, na mahindi hayajawahi kungoja kliniki. Nikageuka haraka nimwombe asogeze wiki moja tu. Mlango ulikuwa umeshammeza mwenzangu aliyefuata. Kwenye mapokezi yule binti akainua kichwa.

"Babu, una tarehe?"

"Ninayo, mjukuu wangu," nikamjibu. "Ndiyo shida yenyewe."